Barua ya wazi kwa wasimamizi wa shahada za Kiingereza Dodoma: tupimeni kwa lugha, si kwa fasili

Kwa wakuu wa idara zinazofundisha Kiingereza katika vyuo vikuu vya Dodoma,
Kwa wajumbe wa kamati za mitaala na seneti za vyuo hivyo,
Nakala kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na Taasisi ya Elimu Tanzania.

YAH: KOZI ZA ISIMU NDANI YA SHAHADA YA KIINGEREZA

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya kata wilayani Chemba. Digrii yangu niliipatia chuo ambacho sitakitaja, kwa kuwa nitakayoyasema hayakihusu chuo hicho peke yake. Nimekaa na walimu wenzangu waliosoma kwingine, kwenye semina na kwenye usahihishaji wa mitihani, na simulizi yetu ni moja. Sehemu kubwa ya kozi zetu za Kiingereza zilikuwa za isimu, yaani elimu ya lugha: fonetiki na fonolojia tulipoanza, mofolojia na sintaksia katikati, kisha semantiki, pragmatiki na isimujamii kuelekea mwisho.

Kila mtaala unapopitiwa, huwa hakosekani wa kusema isimu ipunguzwe: mwanafunzi asome Kiingereza chenyewe, aongee, aandike, apate fasihi, basi. Naomba msipunguze hata kozi moja. Ombi langu ni gumu kuliko kupunguza. Nataka mbadilishe namna isimu inavyofundishwa na inavyotahiniwa, ili mwanafunzi awe anawekewa lugha mbele yake aichunguze mwenyewe, na lugha hizo zianzie hapa hapa tulipo.

Niseme kwanza kwamba wanaolalamika wana haki yao. Kijana anatoka kidato cha sita na tahasusi yenye Kiingereza, HKL au HGL, amechagua Kiingereza kwa sababu alipenda riwaya, au kwa sababu anataka akisimama mbele za watu asibabaike. Wiki ya kwanza anaonyeshwa mchoro wa kichwa cha mtu kilichopasuliwa katikati. Anaambiwa huu ni ufizi, hili ni kaakaa gumu, hili ni laini, hiki ni kimeo, kariri. Wiki inayofuata zinaletwa alama za kifonetiki za kimataifa, zile za chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, naye anazinakili moja baada ya nyingine bila mtu yeyote ukumbini kutoa sauti hata moja. Kabla muhula haujafika nusu ameshajua njia ya stesheneri ya getini, ambako madesa ya miaka ya nyuma yanauzwa yakiwa na majibu. Swali linamtaka afasili fonimu, yaani sauti inayotofautisha maana ya maneno, na kutoa mifano. Mifano ni "pin" na "bin", kama mwaka jana na mwaka juzi. Anaandika, anafaulu, anasahau. Asiyekariri vizuri anakwenda sapu kurudia mtihani, na huko anakutana na "pin" na "bin" kwa mara nyingine.

Isimu ya namna hiyo hata mimi ningeipigia kura iondoke. Lakini hiyo siyo isimu. Ni orodha ya istilahi, na istilahi haijawahi kumsaidia mwalimu yeyote siku ya Jumatatu asubuhi.

Hebu niwaeleze kinachosaidia. Katika darasa langu la kidato cha kwanza, "ship" na "sheep" ni neno moja. "Live" na "leave" ni neno moja. "Full" na "fool" vilevile. Mwalimu ambaye hakuelewa isimu atasema neno hilo tena kwa sauti kubwa zaidi, kisha atasema tena, kisha atakasirika. Aliyeelewa anajua tatizo limekaa wapi. Kiswahili kina vokali 5. Kiingereza kinachoelezwa kwenye vitabu vyetu, kile cha kusini mwa Uingereza, kina kama 20: 12 za kawaida na 8 zinazoanzia mahali pamoja pa kinywa na kuishia pengine. Vokali mbili tofauti za Kiingereza zinaangukia juu ya "i" moja ya Kiswahili. Sikio la mtoto si bovu na wala hana kiburi. Limefundishwa tangu utotoni kwamba tofauti hiyo haina kazi. Hiyo ndiyo fonimu. Si fasili ya mistari miwili, ni sababu ya mtoto mwerevu kukosa imla.

Sasa njooni Chemba, maana hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike.

Wanafunzi wangu wengi ni Warangi. Kirangi kina vokali 7, wala si 5. Kina "i" mbili na "u" mbili, moja ya kila jozi ulimi ukiwa umepanda zaidi na nyingine ukiwa umelegea kidogo, na kubadilisha moja kwa nyingine kunaweza kubadilisha maana. Kinyaturu cha Singida nacho kina vokali 7. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kirangi anayekaa dawati la mbele ameingia darasani na tofauti inayokaribiana na ile ya "ship" na "sheep" ikiwa tayari kinywani mwake. Ameinyonya kwa mama yake. Mwenzake Mgogo aliye dawati la pili hana, kwa sababu Kigogo kina vokali 5 kama Kiswahili. Hao wawili wanafundishwa somo lile lile, kwa njia ile ile, na mwalimu aliyeambiwa chuoni kwamba "Waswahili hawana vokali hii".

Sisemi vokali za Kirangi na za Kiingereza ni zile zile. Urefu wa sauti una kazi yake katika Kiingereza, na ulimi haukai pale pale. Lakini nilipoanza kuwauliza watoto wa Kirangi wanitajie maneno ya kwao yanayotofautiana kwa sauti hizo, kisha tukarudi kwenye "live" na "leave", walisikia. Wakaanza kuwasahihisha wenzao, wakati mwingine kwa kiherehere kisichovumilika. Haya nilipaswa kuyapata katika kozi ya fonolojia ya Kiingereza, Dodoma, mwendo wa basi moja la asubuhi kutoka Kondoa. Sikuyapata. Tulifundishwa kana kwamba kila aliyekaa ukumbini amezaliwa Unguja mjini, au London.

Kuna jambo la mwaka 1916 ambalo huwa linanifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Kila mwanafunzi wa isimu anaujua mwaka huo, kwa kuwa ndipo yalipochapishwa mafundisho ya mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, aliyekuwa amefariki 1913. Wenzake wa Geneva ndio walioyakusanya kutoka kwenye daftari za wanafunzi. Kiashiria, kiashiriwa, langue, parole: hakuna aliyepita mwaka wa kwanza bila kuyaandika. Mwaka huo huo wa 1916, Hamburg, kilichapishwa kitabu cha Otto Dempwolff, daktari wa jeshi la Wajerumani, kuhusu Wasandawe na lugha yao. Wasandawe wenyewe wako huku kwetu, upande wa Kwa Mtoro. Kwa hiyo lugha ya Chemba ilikuwa imeshaingia kwenye maktaba za dunia mwaka ule ule ambao isimu ya kisasa inahesabiwa kuanza. Muulizeni mhitimu wenu yeyote wa Kiingereza kuhusu 1916. Atawatajia Geneva.

Na Kisandawe si lugha ya kupita nayo haraka. Kina vidoko, zile konsonanti zinazotolewa kwa kufyonza hewa na kuachia ulimi ghafla, kwa aina tatu za msingi kulingana na mahali ulimi unapogusa. Mwalimu wa fonetiki anapofika kwenye vidoko anasema "vinapatikana Afrika Kusini", anachora alama ubaoni na kuendelea. Afrika Kusini! Wakati huenda nyuma ya ukumbi ameketi kijana anayevitumia kila anapompigia simu mama yake.

Wekeni kidole Kondoa kwenye ramani, kisha mzungushe kidogo. Warangi wanasema lugha ya Kibantu, na Wagogo, Wanyaturu na Wanyiramba pia. Waburunge na Waalagwa wanasema lugha za Kikushi, za ukoo mmoja na Kiiraqw cha Mbulu, na kwa mbali Kisomali na Kioromo. Wadatoga wako upande wa Waniloti, pamoja na Wamaasai. Wasandawe wana lugha yao, na Wahadza wa Ziwa Eyasi wana yao. Mwanaisimu Joseph Greenberg alipozigawa lugha za Afrika katika makundi manne kwenye kitabu chake cha 1963, yote manne yalikutana katika eneo hili. Baadaye wataalamu wengi walilikataa lile kundi la nne alilowakusanyia wenye vidoko wote. Kihadza leo kinahesabiwa kuwa lugha isiyo na ndugu, na udugu wa Kisandawe na lugha za Wakhoe wa kusini mwa Afrika bado unajadiliwa. Hata mjadala huo peke yake unatosha kuwa semina ya wiki nzima: tunajuaje kwamba lugha mbili ni ndugu? Ushahidi ni nini? Vyuo vya Ulaya vinawaombea wanafunzi wao visa na vibali vya utafiti waje kukaa Kondoa. Wa kwetu wanahitaji nauli tu.

Mtanijibu, na nimeshajibiwa hivyo: "Mwalimu, hii ni shahada ya Kiingereza. Lugha za makabila zina watu wake." Jibu hili linasikika vizuri kwenye kikao, ila halijibu hoja. Hakuna anayeomba Kirangi kifundishwe badala ya Kiingereza. Isimu ni elimu ya lugha, na mtu haoni jinsi lugha moja inavyofanya kazi mpaka aiweke kando ya nyingine.

Mfano wa sintaksia. Mwanafunzi anakaririshwa kwamba katika swali la Kiingereza kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima: "you will go" inageuka "will you go". Anachora michoro ya matawi, anaweka mishale, anamtaja mwanaisimu Chomsky na kitabu chake cha 1957, hajui hata kidogo kwa nini anafanya hivyo. Kirangi kina kioja chake ambacho wanaisimu wamekiandikia sana. Lugha nyingi za Kibantu huweka kitenzi kisaidizi kabla ya kitenzi kikuu. Kirangi, kikizungumzia wakati ujao, kinatanguliza kitenzi kikuu na kisaidizi kinafuata. Lakini ukikanusha, au ukiuliza swali la "nani" na "nini", mpangilio unageuka na kisaidizi kinarudi mbele. Kwa hiyo Kirangi na Kiingereza, lugha zisizo na undugu wowote, zote mbili zinahamisha kitenzi kisaidizi mtu anapouliza swali. Kwa nini? Mwekeeni mwanafunzi swali hilo, na michoro ya matawi itapata kazi ya kufanya. Ninaamini, na mnipinge kama mnaona nimekosea, kwamba mtu aliyeona jambo hilo katika lugha mbili hatalisahau katika mojawapo.

Kwa upande wa historia pia. Tunafundishwa kanuni aliyoiandika Jacob Grimm mwaka 1822: pale Kilatini kinaposema "pater" na "piscis", Kiingereza kinasema "father" na "fish", p ya kale imekuwa f. Vizuri sana. Je, kuna anayeambiwa kwamba isimu ya Kibantu ina kanuni ya aina hiyo hiyo inayobeba jina la mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi Unyamwezi, Edmund Dahl? Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, ndiye aliyeipa jina, na ndiyo inayoeleza kwa nini Wakikuyu husema Gĩkũyũ, kwa g mwanzoni, wakati majirani wao wengi wanaanza na ki. Tabora iko kwenye vitabu vya isimu duniani kote. Kwenye madesa yetu haimo.

Jambo moja la utawala, ambalo sijui kwa nini halijamkera mtu. Walimu wengi tunaosoma shahada ya elimu huwa na masomo mawili ya kufundishia, na wengi wetu yalikuwa Kiswahili na Kiingereza. Asubuhi tunasoma sintaksia kwa Kiswahili katika idara moja: kirai, kishazi, kiarifu. Mchana tunavuka uwanja kwenda kusoma sintaksia ile ile kwa Kiingereza katika idara nyingine. Wahadhiri hawajaonana. Mwanafunzi anaamini kwamba fonimu ya Kiswahili na fonimu ya Kiingereza ni vitu viwili, kwa sababu viko kwenye daftari mbili na vinatahiniwa wiki tofauti. Kikao kimoja cha wahadhiri hao, hata cha kwenye kantini, kingetibu sehemu kubwa ya ninayoyalalamikia hapa.

Sasa mtihani, maana kila kitu kinaanzia na kuishia hapo. Mwanafunzi anasoma kinachotahiniwa, na mimi simlaumu, ana ada ya kulipa na bumu, ile hela ya mkopo, lisilofika mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wekeni mtihani usiokaririka. Nitawaandikia swali moja bure, mlitumie mkipenda.

Yatazameni maneno haya: ulimi, ndimi, udevu, ndevu, ubao, mbao, ubavu, mbavu, ukuta, kuta, upande, pande, wimbo, nyimbo, uso, nyuso, ufa, nyufa. Mwanafunzi aeleze wingi unaundwaje. Maneno yote anayajua tangu utoto, na bado hakuna desa litakalomwokoa. Itabidi aone mwenyewe kwamba kuna nazali, sauti ya puani, iliyojificha. Kwamba mbele ya b inakuwa m. Kwamba mbele ya l inabaki n na kuigeuza l iwe d. Kwamba mbele ya k na p inapotea. Kwamba mbele ya vokali inakuwa ny. Na kwamba mzizi wa silabi moja kama wa "uso" hauachi u yake iende, unaibeba mpaka kwenye wingi. Kisha apewe neno asilowahi kulisikia, tuseme "ubeko", atabiri wingi wake. Akiandika "mbeko" na kueleza sababu, huyo ameelewa fonolojia kuliko aliyejaza kurasa nne za fasili.

Halafu sehemu ya pili ya swali: "incorrect", "indirect", "impossible", "imbalance", "illegal". Kiambishi ni kimoja. Kwa nini kimevaa nguo tatu? Mwanafunzi aliyetoka kwenye "mbao" na "ndimi" ataona mara moja kwamba nazali ya Kiingereza inaifuata konsonanti iliyo mbele yake kama ya Kiswahili inavyofanya, kwa sababu midomo na ulimi ni vile vile kwa Mwingereza na kwa Mgogo. Sehemu ya tatu mnaweza kuweka "mtu" wa Kiswahili, "munhu" wa Kigogo na "umuntu" wa Kizulu, mkamtaka aeleze kilichotokea kwa nt. Ukumbi utanung'unika. Waacheni.

Najua mtakachosema, na hapa niko upande wenu: mhadhiri mmoja ana mamia ya wanafunzi, na swali la fasili husahihishwa haraka. Ni kweli. Lakini swali la data nalo husahihishwa haraka, maana kanuni ama ameipata ama hakuipata. Kinachochukua muda ni kulitunga. Litungeni wawili wawili kati ya idara ya Kiswahili na ya Kiingereza, mlibadilishe kila mwaka, na baada ya miaka michache mtakuwa na hazina ambayo chuo chochote Afrika Mashariki kitawaomba.

Isimujamii nitaigusa tu. Kila mwaka wanafunzi wanaandika habari za mwanaisimu wa Marekani, William Labov, na maduka matatu ya New York, namna alivyowauliza wauzaji mahali palipo bidhaa ili wajibu "fourth floor" naye asikilize kama wanaitamka r. Wanaandika bila kuwahi kutoka nje na kufanya kitu kama hicho. Dodoma imejaa watu waliohamia tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku moja kwa moja. Kiswahili cha Pwani, cha Kanda ya Ziwa na cha Wagogo vinasuguana kila siku pale Soko la Majengo. Wapelekeni wanafunzi kwa wauza viatu, waulize bei ya kiatu kinachokwenda kwa elfu thelathini, wahesabu ni nani aliyesema "thelathini" na nani aliyesema "selasini", na kama muuzaji atalibadilisha tamko lake akiambiwa "Samahani, sikusikia." Labov naye, kama sikosei sana ladha ya utani huu, aliulizia viatu vya kike. Gharama ya zoezi zima ni daladala.

Vifaa visiwe kisingizio. Programu ya Praat, waliyoiunda Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hupakuliwa bure na huendeshwa hata na kompyuta ya zamani. Ukiiingizia sauti inakuchorea vokali zake uzione kwa macho. Kinasa sauti kila mwanafunzi anacho mfukoni. Kinachohitaji uangalifu ni watu. Mwanafunzi wa Kisandawe asigeuzwe kuwa kitu cha kuonyeshwa darasani, akaambiwa "hebu tupigie kidoko" wenzake wacheke. Tumeshawacheka vya kutosha watu wa lugha hizi, na baadhi ya watoto wangu hukana kabisa kwamba wanaijua lugha ya nyumbani. Aombwe ridhaa, na kazi ikichapishwa jina lake liwemo kama mchangiaji akitaka. Akikataa, yaishe.

Wapo pia wanaohofia kwamba kutaja makabila darasani kutaamsha ukabila. Naiheshimu hofu hiyo. Tumelelewa tukiamini Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na ni kweli kilituunganisha. Ila darasani kwangu Mrangi na Mburunge wakishaona lugha ya mmoja na ya mwenzake zilivyotofautiana, kinachofuata ni maswali mengi sana, mpaka kengele ya mapumziko inatuudhi. Sijaona ugomvi.

Maktaba nayo. Sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous ilitoka 1993. Kiburunge, Kialagwa na Kirangi vyote vimeandikiwa kazi nzito, nyingi zikiwa zimechapishwa Ujerumani na Uholanzi kwa bei ambayo mwalimu wa kata haigusi. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi mwaka 2009 pamoja na misamiati ya lugha kadhaa. Naomba vitabu hivyo viagizwe, viwekwe kwenye rafu ya idara ya Kiingereza, na si kufungiwa kwenye kabati la mkuu wa idara ambalo ufunguo wake uko safarini Morogoro.

Kama haya yote ni mengi kwa mara moja, nitaridhika na moja. Katika mtihani ujao wa fonolojia, futeni swali la kufasili fonimu. Mahali pake wekeni maneno kumi ya Kirangi, yenye sauti alizoandika mtu anayeijua lugha hiyo, na mwulize ni vokali zipi zinatofautisha maana na ni makosa gani ya Kiingereza mzungumzaji wake hatarajiwi kuyafanya. Maneno hayo mkiyakosa, tuleteeni barua shuleni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watayarekodi, wazazi wakiridhia, na nitayatuma kwa basi la asubuhi pamoja na jina la kila aliyetamka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Kiingereza, Chemba.